Dakika Kumi na Mbili za Mwanga wa Buluu

Chumba anachofanyia kazi hakina dirisha. Zamani lilikuwepo moja dogo, likitazama ukuta wa jengo la kufulia nguo za hospitali, lakini hadubini kubwa ilipoletwa, seremala aliliziba kwa mbao, akazipaka mbao rangi nyeusi, na mlangoni akaning'iniza pazia zito la tabaka mbili. Sasa ni miaka kumi na saba. Wenzake wa maabara humwita Bi Giza, nusu heshima nusu utani, naye huitika. Dada yake alikuwa akimwita Popo, na jina hilo hakuna mwingine aliyethubutu kulitumia.

Dada huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki yeye akiwa darasa la nne. Dada, aliyemzidi kwa miaka tisa, aliaga shule, akasogeza cherehani ya marehemu karibu na mlango ili apate mwanga, akaanza kushona sare za wanafunzi. Mdogo mtu alifanyia hesabu zake kwenye meza ileile ya kukatia vitambaa, daftari upande mmoja, chaki na mkasi upande wa pili. Alipoinua kichwa kusema amechoka, dada alimjibu bila kuacha kukanyaga cherehani kwamba achoke tu, hakuna aliyemkataza, lakini achoke huku anaandika. Hivyo akachoka huku anaandika mpaka akamaliza chuo.

Alipopata kazi, dada alitaka kujua ni kazi gani hasa. Alielezwa, akaelezwa tena, na mwisho akajitengenezea maelezo yake mwenyewe, aliyowapa wageni wote. "Huyu mdogo wangu mnamwona hivi," angesema, akimshika bega, "mchana kutwa amekaa gizani kama popo, anachungulia tundu, na mwisho wa mwezi wanamlipa." Watu wangecheka. Mdogo mtu naye angecheka. Alitamani siku moja, hata mara moja tu, dada achungulie mwenyewe lile tundu.

Maana kilichokuwa humo kilikuwa kizuri. Kuna seli za saratani zinazobeba alama juu ya utando wao, protini ambayo seli za kawaida hazina, au zinayo kidogo mno. Alama hiyo haionekani hata ukiikuza mara elfu. Basi imetengenezwa molekuli ndogo yenye ncha mbili: ncha moja huinasa alama hiyo tu, kama kifungo na tundu lake; ncha ya pili, ukiimulika kwa mwanga wa buluu, hung'aa kijani. Pale maabara wameibatiza kimulimuli. Unachukua seli zikiwa hai, kwa sababu zilizokufa hunywa rangi ovyo na kumdanganya mtazamaji. Unazitilia vimulimuli, unasubiri, unaosha vile visivyonasa kitu, unazima taa za chumba, unachungulia. Penye alama pana kijani, pete nyembamba ya kijani kuizunguka kila seli. Pasipo alama pana giza.

Haya yote alimsimulia dada, tena zaidi ya mara moja. Jambo moja hakuwahi kumsimulia, kwa sababu halikuwa sehemu nzuri ya hadithi: kijani hicho hakidumu. Mwanga uleule wa buluu unaokiamsha ndio unaokimaliza. Kila dakika ya kuchungulia inakila kile kinachochunguliwa, na kilicholiwa hakirudi. Mafundi wapya aliwaeleza hilo siku ya kwanza, kwa mfano wa kitambaa kilichoanikwa kwenye kioo cha duka hadi upande wa barabara ukapauka. Mfano wenyewe aliuokota kwa dada, ambaye kila alipokwenda kununua vitambaa aliwagombeza wenye maduka kwa kosa hilo. Fungua mwanga, aliwaambia mafundi, piga picha, funga. Ukitaka kushangaa, shangaa picha.

Alikuwa mkali katika hilo na katika mengine. Fundi mwenzake aliwahi kumwingiza mchumba wake chumbani ili amwonyeshe vimulimuli. Hakuna kilichoharibika, lakini mtu asiye mfanyakazi haruhusiwi mle, na Bi Giza aliandika ripoti. Fundi yule akahamishiwa stoo ya vifaa, ambako yuko mpaka leo anahesabu glavu.

Saratani ya dada ilianzia kwenye titi. Ilikatwa, ikatibiwa, ikanyamaza miaka minne, halafu ikarudi kimyakimya na kujaza maji kati ya pafu na mbavu. Dada alianza kupanda ngazi tatu na kupumzika. Alikataa kuacha kushona, ila alihamia kwenye kazi za mkono, vifungo na pindo, na akimwona mtu anamtazama sana kwa huruma alimtuma dukani kununua uzi ambao hakuuhitaji.

Daktari wake wa saratani, mtu mpole aliyezoea kuzungumza huku akifuta miwani, aliwaambia kuna dawa mpya inayojaribiwa pale hospitali. Inafuata alama ileile ambayo vimulimuli huinasa. Mwenye alama ya kutosha kwenye seli zake anaweza kuingizwa kwenye majaribio. Asiyekuwa nayo dawa haitamsaidia kitu. Nafasi zilikuwa nane. Saba zilikwisha jazwa, na orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Jumatano asubuhi wangetoa maji, maji yangekwenda maabara, na jibu la maabara ndilo lingeamua.

"Maabara ipi?" dada aliuliza.

Daktari alimtazama mdogo mtu, kisha akarudi kwenye miwani yake. Palikuwa na maabara moja tu yenye hadubini hiyo. Mfanyakazi aliyekuwa akipokezana zamu na Bi Giza alikuwa masomoni mpaka mwezi ujao.

"Basi nimekwisha pona," dada akasema. "Mtihani unasahihishwa na mdogo wangu."

Jumatano walitoa maji, lakini hayakuwa mengi kama walivyotumaini, na nusu yake ilikuwa na damu. Bi Giza alisimama mlangoni mwa wodi na kasha la kubebea vipimo mkononi. Alipogeuka aondoke, dada alikuwa ameshatelemka kitandani, anatafuta ndala zake kwa vidole vya miguu.

Alimwambia arudi alale. Alimwambia hairuhusiwi. Dada alifunga kanga kiunoni kama mtu anayejiandaa kwenda sokoni.

"Hebu nieleze vizuri," alisema. "Maji ni yangu. Seli ni zangu. Hadubini ni ya mdogo wangu. Sasa mgeni hapo ni nani?"

Huenda angeweza kukataa hata hapo. Alikuwa ameshakataa mengi kwa watu wengi. Lakini dada alikuwa akihema kwa maneno yale machache, na ile hamu ya miaka yote hiyo ilikuwa imesimama katikati yao kama mtu wa tatu. Alisema sawa, dakika moja tu, na usiguse kitu. Walivuka uwanja polepole. Dada alipumzika mara mbili, mara ya pili akijifanya anasoma tangazo ukutani.

Kuandaa seli kulichukua karibu saa mbili. Dada alisubiri kwenye kiti cha korido akiwa amevaa koti jeupe la wageni, na kila mdogo wake alipopita alimkuta akikagua mshono wa mkono wa koti. "Aliyeshona hili," aliuliza, "alikuwa anawahi wapi?"

Maji yalitosha visahani viwili tu. Kisahani kimoja hakikutiwa vimulimuli, cha kulinganishia. Cha pili ndicho chenye kila kitu: ndicho cha kuhesabiwa, na mwenzake wa akiba hakuwepo. Utaratibu ulikuwa kupiga picha ishirini mahali ishirini tofauti, kupima mng'ao wa seli zisizopungua mia mbili, na kutoa wastani. Wastani ukifika arobaini, mtu ana alama ya kutosha.

Bi Giza alikuwa amelifikiria vizuri, au alijiambia hivyo. Pembeni kabisa mwa kisahani pana ukingo ambao picha hazipigwi, kwa kuwa seli hurundikana hapo. Angemwonyesha dada ukingo huo. Mwanga huunguza pale unapopiga tu, na pale hapakuwa na hesabu. Angeangalia kidogo, angeridhika, angerudi wodini, na picha zingepigwa mahali ambapo mwanga haujagusa. Hakuna ambaye angepata hasara.

Alimwongoza kwa mkono kupita pazia, akamketisha, akaushusha uso wake taratibu hadi macho yakakaa mahali pake. Akafungua mwanga.

Gizani palisikika feni ya taa na pumzi zake fupi.

"Hizi ni mimi?" hatimaye aliuliza.

"Ni wewe, dada."

"Mbona nzuri hivi?"

Mdogo mtu aliweka kiganja mgongoni mwa dada, juu ya lile koti lililoshonwa haraka, akahisi mbavu zikipanda na kushuka. Kama kungekuwa na namna ya kukomesha maisha mahali fulani na kuyaacha hapo, yeye angechagua hapo.

Mlango ulibishwa. Mitungi ya gesi ilikuwa imeletwa, ile inayolisha kabati la joto ambamo seli zote za maabara huishi, na aliyetakiwa kuipokea na kusaini ni yeye. Walioileta walikuwa na haraka. Alimwambia dada anarudi sasa hivi, akatoka. Huko nje akakuta wabebaji wawili wanabishana ni mtungi upi umekwisha na upi bado, mmoja ameshaufungua usio wake, na fomu imeandikwa namba ya mtungi ambao haupo. Alisimama nao, akasoma geji, akasahihisha fomu, akasaini. Saa ya ukutani pale koridoni aliiangalia anatoka na akaiangalia anarudi. Zilikuwa dakika kumi na mbili.

Njiani kurudi alikumbuka kwamba hakuufunga mwanga.

Dada alikuwa palepale, uso umeinama kwenye hadubini, lakini mikono haikuwa mapajani tena. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye vile vitasa viwili vinavyosogeza kisahani, kimoja kulia na kushoto, kimoja mbele na nyuma. Ulivizungusha kwa ulaini ule uliokuwa umezungusha gurudumu la cherehani maisha yake yote. Hakuna aliyemfundisha. Vidole vilijua vyenyewe.

"Popo," alisema bila kuinua uso, kwa sauti ya furaha ambayo mdogo wake hakuwa ameisikia tangu ugonjwa urudi, "nimezitembelea zote. Nilianzia huku ukingoni nikaenda mstari kwa mstari, kama napiga pindo, nisiruke hata moja. Halafu taa yenu inachoka. Mwanzo zilikuwa zinawaka sana, zikaanza kufifia, nikapapasa nikakuta kitasa hiki hapa, nikazungusha, zikawaka tena. Zikififia nazungusha. Sasa kimefika mwisho."

Bi Giza alinyoosha mkono akafunga mwanga. Alifanya hivyo polepole, asimshtue.

Neno moja tu la kupauka lingetosha. Dada yake alijua kupauka kuliko profesa yeyote. Angeinua jicho papo hapo na kusema funga, mwanangu, funga haraka. Lakini miaka yote alikuwa akisimuliwa upande wa kung'aa tu.

Alimrudisha wodini. Dada alikuwa akizungumza njia nzima, hakupumzika hata mara moja. Kisha Bi Giza alirudi, akashusha pazia, akapiga picha ishirini kwa utaratibu uleule wa siku zote. Kijani kilikuwepo, hafifu, kama doa la majani kwenye shati lililofuliwa mara nyingi. Kompyuta ilihesabu seli mia mbili na kumi na moja. Kisahani kisicho na vimulimuli kilitoa kumi na mbili. Kisahani cha dada kilitoa ishirini na sita.

Fomu ya majibu ina nafasi ya namba, nafasi ya saini, na chini kabisa mistari mitatu yenye kichwa kinachosema Maelezo Mengine. Aliandika ishirini na sita. Aliandika chini ya kiwango. Alisaini. Kwenye ile mistari mitatu aliweka ncha ya kalamu na kuiacha hapo mpaka ikatoa nukta ya wino.

Angeandika nini? Kwamba amemwingiza mgonjwa chumbani, akamwacha peke yake na kisahani pekee kilichokuwepo, mwanga ukiwa wazi. Yeye, Bi Giza. Akilini alimwona yule wa stoo na maboksi yake ya glavu. Alijiambia pengine ishirini na sita ndiyo namba ya kweli. Kuna watu alama zao ni chache, mwanga au si mwanga. Alijiambia Ijumaa bado, atamfuata daktari kesho na kumwomba watoe maji tena bila kueleza sana. Kesho yake daktari alikuwa na wagonjwa mpaka jioni, na Bi Giza alipita mbele ya mlango wake mara nne na kila mara akakuta sababu nzuri ya kutobisha. Ijumaa saa sita mchana alikuwa chumbani mwake, ameketi, hadubini imezimwa. Nafasi ya nane ilipewa mtu mwingine.

Siku zilizofuata zingekuwa nyepesi kama dada angekuwa na huzuni. Dada hakuwa na huzuni. Daktari alipomwambia seli zake hazikufikia kiwango, aliuliza maswali mawili, akashukuru, akageukia wageni. Na kila mgeni aliyekuja, shangazi, majirani, wateja wa sare, mwenye duka la vifungo, alisimuliwa safari ile upya. Namna alivyovaa koti baya. Namna giza lilivyokuwa giza. Namna alivyojiona, mwili wake wenyewe, umegeuka taa nyingi ndogo za kijani, na namna alivyozitembelea zote asiruke hata moja. "Watu wanasema saratani ni kitu kibaya," alimalizia, "na ni kibaya kweli, lakini mimi nimekiona kimependeza. Mdogo wangu ndiye aliyenionyesha. Mwulizeni." Wote wangemgeukia. Naye angeitikia kwa kichwa, ndiyo, ni kweli.

Alikwenda kwa daktari siku ya kumi na tisa. Aliyasema yote kwa mpangilio, kama anavyoandika ripoti, akianza na kiasi cha maji na kumaliza na kitasa cha taa kilichofika mwisho. Daktari alivua miwani lakini safari hii hakuifuta.

"Siku kumi na tisa," alisema.

"Ndiyo, daktari."

"Ungekuja Alhamisi."

Walitoa maji tena. Kipimo kilifanywa na yule mwenzake aliyerudi kutoka masomoni, na Bi Giza alisubiri koridoni, kwenye kiti kilekile. Kilitoa sabini na moja. Daktari alijaribu kufungua orodha, akaandika barua, akapiga simu akiwa amesimama. Orodha ya kwanza haikufunguka. Ya pili ingeanza baada ya miezi minne, na jina la dada likaandikwa la kwanza.

Profesa, mkuu wa maabara, alimpa barua ya onyo. Aliisoma mara mbili akitafuta neno la kufukuzwa, na hakuliona. Siku hiyo alijua kwamba alikuwa amelitumaini. Alishuka stoo akamwomba radhi yule fundi. Jamaa alimsikiliza akiwa na boksi mikononi, akamwambia yameisha, Bi Giza, huku chini hata pana dirisha. Alikuwa anatania, na hakuwa anatania.

Dada aliambiwa tu kwamba kipimo kimerudiwa na sasa kuna matumaini ya awamu ya pili. Mdogo mtu alikwenda mara tatu kumwambia ukweli. Mara ya kwanza palikuwa na wageni. Mara ya pili dada alikuwa amelala. Mara ya tatu walikuwa wawili tu, alasiri, jua limefika kwenye shuka, naye akaanza, "Dada, siku ile nilipokuacha na hadubini..." na uso wa dada ukawaka, akamshika mkono. "Usinikumbushe," alisema, "nikifumba macho bado naziona." Akafumba macho azione. Mdogo wake akaendelea kuushika mkono ule wenye vidole vigumu kwa sindano, mpaka jua likashuka kitandani na kuhamia sakafuni.

Alifariki miezi mitatu na siku kadhaa baadaye, wiki tatu na siku mbili kabla ya awamu ya pili kuanza.

Kati ya wale wanane wa kwanza, watano bado wako hai. Hakuna anayejua kama dada angekuwa upande wa watano au wa watatu. Daktari amemwambia hivyo, kwa wema, na yeye anajua kuwa ni kweli. Mmoja wa watano hao Bi Giza humwona koridoni akija kliniki, mwanamke mnene mwenye mfuko wa kamba, anayelalamika kila mara kuhusu foleni. Hajui kama huyo ndiye aliyepewa nafasi ya nane, na hajawahi kuuliza. Humpisha njia.

Binti wa dada alikuja maabara miezi saba baada ya maziko. Ni mwalimu, mwenye sauti ya mama yake na subira ya mtu mwingine. Alisimama nje ya pazia akapiga hodi, akamwamkia mama yake mdogo, akasema hatakaa sana. Alikuwa na ombi. Alikuwa anataka picha ya zile taa, zile mama alizokuwa akisimulia. Angeiweka kwenye fremu, pembeni ya picha ya mama akiwa kwenye cherehani.

Bi Giza alimketisha mbele ya kompyuta. Angeweza kumpa picha ya kipimo cha pili, ile ya sabini na moja, kijani chake kimekolea, naye angeshukuru na kuondoka. Mtu yeyote angefanya hivyo. Badala yake alifungua zote mbili, moja kando ya nyingine.

"Hii ndiyo ya siku ile mama alipochungulia?" binti aliuliza, akigusa iliyofifia. "Mbona yeye alisema zilikuwa zinawaka?"

"Zilikuwa zinawaka. Alichokiona mama yako hakina picha."

Kisha akamweleza. Hakupunguza na hakujipamba: ukingo wa kisahani, mitungi ya gesi, dakika kumi na mbili, vidole kwenye vitasa, mistari mitatu iliyobaki mitupu, Ijumaa, siku kumi na tisa. Binti alisikiliza akiwa ametazama skrini.

"Mama alijua?"

"Hapana. Nilijaribu kumwambia nikashindwa."

Binti alichukua mkoba wake, akaufunga zipu ambayo ilikuwa imeshafungwa.

"Basi ungeniacha na mimi nisijue, mama mdogo."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyerudishiwa kitu kimevunjika na anatafuta mahali pa kukiweka. Alipofika kwenye pazia alisimama, akarudi, akaomba achapiwe picha. Ile iliyofifia. Aliitia katikati ya daftari la wanafunzi ili isikunjike, akatoka.

Ni mwaka na nusu sasa. Kila Jumapili asubuhi kwenye simu ya Bi Giza huingia ujumbe kutoka kwa binti huyo, haujakosa hata mara moja, kwa kuwa alilelewa vizuri. Ujumbe una neno moja: Shikamoo. Zamani lilikuwa na mawili mengine nyuma yake, mama mdogo, na yeye huukodolea macho kidogo kabla ya kujibu marahaba, mwanangu, kana kwamba yatatokea akisubiri.

Siku za kazi hushusha pazia. Kwenye kitasa cha taa amebandika kipande cha plasta kisizunguke zaidi ya nusu, na mafundi wapya hudhani kilikuja hivyo kutoka kiwandani. Hufungua mwanga, hupiga picha, hufunga. Mara ishirini, mahali ishirini. Hasogezi jicho lake kwenye tundu mpaka picha ya mwisho iwe imehifadhiwa. Hapo ndipo huchungulia, pale ukingoni, kwa pumzi moja. Kisha hujaza fomu mpaka chini, na kwenye ile mistari mitatu, hata siku ambayo hakuna lolote la kusema, huandika kwa mkono wake kwamba hakuna.